UZI: T. M. Krishna, mwimbaji wa Chennai aliyewauliza wenzake ngozi ya ngoma yao imetoka wapi

Mwanamarashi (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Humu jukwaani kila ikitajwa India tunaishia kwenye nyimbo za filamu, Lata na Rafi, na mimi nimelelewa nazo vilevile. Leo naomba tushuke kusini hadi Chennai, mji ulioitwa Madras zamani, tumzungumze mwimbaji anayeitwa T. M. Krishna. Uzi ni mrefu, mwenye chai aisogeze.

Krishna alizaliwa 1976 mjini humohumo, katika familia ya Wabrahmini, tabaka la juu la Wahindu, wapenda muziki. Alianza kufundishwa akiwa mtoto, na miongoni mwa walimu wake ni Semmangudi Srinivasa Iyer, jina ambalo likitajwa huko kusini watu hukaa vizuri. Anaimba muziki wa Karnatiki. Kwa asiyeujua: mwimbaji huketi chini jukwaani, upande mmoja mpiga fidla, upande wa pili mpiga mridangamu, ngoma ya midomo miwili, nyuma yake tambura, ala ya nyuzi, inavuma sauti ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Wimbo hujengwa juu ya raga, mpangilio wa sauti wenye tabia zake: hii utaikazia, ile utaigusa na kupita, nyingine utaifikia kwa kuzunguka tu. Mwimbaji anaweza kukaa nusu saa anaichezea raga bila mdundo, kabla hajatamka neno la shairi. Mashairi mengi ni ya Kitelugu na Kisanskriti, ya kuwasifu miungu, na mtunzi anayeheshimiwa kuliko wote ni Tyagaraja, aliyefariki 1847.

Kila Desemba Chennai hufurika maonyesho, mamia kwa mamia ndani ya wiki chache, katika kumbi zinazoitwa sabha. Yenye hadhi kuliko zote ni ile ya Music Academy, iliyoanzishwa 1928. Krishna alikuwa kipenzi cha kumbi hizo. Halafu 2015 akatangaza kwamba haimbi tena katika msimu wa Desemba. Alisema muziki anaoupenda umefungiwa ndani ya tabaka moja: Wabrahmini jukwaani, Wabrahmini vitini, Wabrahmini kwenye kamati.

Historia inampa haki. Muziki huu haukuwa wa Wabrahmini peke yao. Wanawake wa jamii za devadasi, walioimba na kucheza mahekaluni na kwenye majumba ya wakuu, ndio waliokuwa mabingwa. Nagaswaram, zumari kubwa ya mahekaluni, mpaka leo hupigwa zaidi na familia zisizo za Kibrahmini. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa harakati za uzalendo, wasomi wa mjini wa tabaka la juu waliupokea muziki huu, wakauita urithi wa taifa, wakaupangia adabu zao, na wenyewe wa zamani wakajikuta mlangoni. Mwaka 1947 sheria ya Madras ikakataza kuwaweka wasichana wakfu mahekaluni. Kulikuwa na dhuluma ya kweli iliyohitaji kukomeshwa, lakini wanawake wale waliondoka bila heshima ya ustadi wao.

Huyo ndiye mtu ninayetaka tumjadili. Naendelea chini.

Mwanamarashi

Pale Chennai, ukingoni mwa mtaa wa wenye nazo wa Besant Nagar, kuna kijiji cha wavuvi kinachoitwa Urur-Olcott Kuppam. Mwaka 2015 Krishna, mwanaharakati wa mazingira Nityanand Jayaraman na wanakijiji walianzisha tamasha hapo, mchangani, bila kiingilio. Karnatiki ikapigwa jukwaa moja na parai, ngoma ya Wadaliti, watu wa chini kabisa ya matabaka waliotengwa, ambayo kwa miaka mingi ilihusishwa na misiba na kuchukuliwa kuwa najisi.

Baadaye, 2016, akaimba pamoja na Wajogappa. Hawa ni watu wa Karnataka waliozaliwa wanaume lakini wanaishi kwa mavazi na majina ya kike, wakimtumikia mungu wa kike Yellamma. Wana nyimbo zao na ala zao. Krishna hakuwaita waje kupamba onyesho lake. Walijifunza nyimbo zake naye akajifunza zao, wakaketi safu moja. Mwaka huohuo wa 2016 akapewa tuzo ya Ramon Magsaysay kule Manila, pamoja na Bezwada Wilson, anayepigania kukomeshwa kwa kazi ya Wadaliti kuzoa kinyesi kwa mikono.

Kaka_Kigamboni

Mleta uzi umenirudisha mbali. Nilisoma Chennai. Kutoka barabara yenye migahawa ya Besant Nagar hadi kwenye mitumbwi ya kuppam unatembea kwa miguu, tena haraka. Lakini niliishi na wanafunzi wa palepale mjini ambao hawakuwahi kukanyaga upande ule. Dada waliofanya kazi za ndani na waliouza samaki walitoka huko, na huko ndiko walikorudi jioni.

Nilihudhuria tamasha mara moja. Niseme ukweli: mwimbaji alipoanza kuzunguka raga polepole, kina mama wengi waliinuka wakaenda kuangalia vyungu vyao, watoto wakarudi kwenye mpira. Parai ilipolia, wote walirudi mbio. Sasa najiuliza, hiyo ni kuchanganya mila au ni kuziweka mezani tu, kila mtu ale anachokijua?

Mwanamarashi

Kaka, swali zuri sana. Jibu langu ni kwamba wanakijiji walikuwa na haki ya kuinuka. Ukumbini huwezi kuinuka bila kutazamwa vibaya. Mwimbaji aliyezoea kusikilizwa kwa ukimya na watu waliofunzwa toka utotoni lini watikise kichwa, akifika mahali ambapo ukimya hapewi bure, anajua kwa mara ya kwanza ni kiasi gani cha sifa zake kilitokana na sauti na kiasi gani kilitokana na ukumbi. Ingekuwa Krishna amewapelekea wavuvi muziki ili wastaarabike, nisingefungua uzi huu. Yeye mwenyewe ameandika kwamba wanaopaswa kubadilika zaidi ni wale wanaotoka kumbini kwenda kule.

Sasa nije kwenye wimbo anaoujua kila mtu. Kaskazini mwa Chennai kuna hori la Ennore, maji ya chumvi yanayopanda na kushuka kati ya mikoko, na wavuvi wake wa kamba na kaa. Pembezoni mwake zimejengwa bandari na mitambo ya kufua umeme kwa makaa ya mawe, na majivu ya makaa yamevuja mpaka ndani ya hori. Kina kimepungua, samaki wamepungua. Januari 2017 ukatoka wimbo *Chennai Poromboke Paadal*, maneno yakiwa ya Kaber Vasuki. Poromboke ni ardhi ya wote isiyo na hati wala kodi: malisho, ziwa, ufuko, hori. Watu wa Chennai walishaifanya kuwa tusi la kumwambia mtu asiyefaa.

Krishna na wapigaji wake wameketi nje, palepale Ennore, na mabomba ya moshi yanaonekana nyuma yao. Raga ni za kale kabisa, anapita kutoka moja hadi nyingine, Anandabhairavi, Begada, Hamirkalyani na nyinginezo. Kitamil chenyewe ni cha mtaani, kile cha sokoni na kwenye mabasi. Hapo ndipo wengi walipokwazika. Kuimba kuhusu majivu wangevumilia. Lugha ya vijiweni kuvishwa Begada ilikuwa sawa na mtu kuingia hekaluni na viatu vyenye matope. Mimi nimeusikiliza nikitafuta mahali ambapo raga inalegea ili kuyabeba maneno, sijapaona. Ameyaheshimu maneno yale kama anavyoyaheshimu ya Tyagaraja.

Mwezi huohuo meli mbili ziligongana nje ya bandari ya Ennore, mafuta yakamwagika, na watu wakawa wanayachota ufukweni kwa ndoo.

BintiMvita

Mwanamarashi, Mungu akuzidishie. Sisi wa Mombasa hatuwezi kusoma haya tukanyamaza. Taarab yetu imepiga tabla na harmonia miaka na miaka, na tuni za filamu za Kihindi zimebeba mashairi yetu ya Kimvita bila mtu kulia kwamba ushairi umechafuliwa. Na msisahau Siti binti Saad. Mwana wa watu wa chini, wazazi wenye asili ya utumwa, mchuuza vyungu aliyetoka Fumba kuingia mjini Unguja. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kurekodi santuri, na zikanunuliwa pwani nzima. Kabla yake taarab ya kwa Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliimba Kiswahili, na aliimba kesi za mahakamani, wanyonge walivyoonewa na wakubwa walivyopona. Waliokuwa juu walimtukana kwa asili yake, kisha wakamwita majumbani mwao.

Kwa hiyo nikimsoma huyu Krishna naona tofauti moja kubwa. Siti alitoka chini akapanda. Huyu ametoka juu. Mtu wa juu akishuka hupigiwa makofi kwa kushuka tu, na akichoka ana pa kurudi. Hilo linanisumbua.

Mzee_wa_Gerezani

Nami nina la kusema, na nalisema kwa heshima. Wanamuziki wenziwe wanalalamika kwamba anadharau imani yao. Nyimbo zile ni ibada. Ukimkuta mtu anasali, humwambii sala yake ni ya kibaguzi. Kama haziamini, kwa nini anaziimba? Angeanzisha muziki wake.

Mwanamarashi

Mzee wangu shikamoo. Nianze na wewe.

Krishna hajaacha kuimba nyimbo za mungu Rama. Anaziimba mpaka leo, na msikilizaji asiyejua siasa zake angedhani anamsikia mcha Mungu. Anachokataa ni kwamba ibada ya watu wa namna moja ndiyo mlango pekee wa kuingilia. Tena muziki huo umekuwa na milango mingine siku zote. Vedanayagam Sastriar wa Thanjavur, Mkristo aliyezaliwa 1774, alitunga nyimbo za Yesu kwa mtindo huohuo, katika zama zilezile za Tyagaraja. Na fidla, ambayo leo ni nadra kukuta onyesho la Karnatiki bila yake, ilitoka kwa Wazungu. Anayesifiwa kuiingiza ni Baluswami Dikshitar, ndugu wa Muthuswami Dikshitar, mmoja wa watunzi watatu wakuu. Wakaishika kwa namna yao: mpigaji ameketi chini, kichwa cha fidla kimeegeshwa mguuni. Karne mbili baadaye inaitwa asili.

Mwaka 2018 waimbaji kadhaa walitukanwa na kutishwa kwa sababu ya kuimba nyimbo za Kikristo kwa raga za Karnatiki. Krishna akajibu kwamba kila mwezi atatoa wimbo mmoja wa Karnatiki kuhusu Yesu au Allah. Hekalu moja la Wahindu kule Maryland, Marekani, likafuta onyesho lake. Novemba mwaka huo Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya India, iliyokuwa mdhamini wa onyesho lake Delhi, ikajitoa siku chache kabla, baada ya watu kuishambulia mitandaoni. Serikali ya jimbo la Delhi ikamwandalia jukwaa jingine na watu wakajaa.

BintiMvita, la kwako ni zito zaidi. Ni kweli ana pa kurudi, na mwenyewe ameandika wazi kwamba kuzaliwa Mbrahmini kulimfungulia milango asiyoigusa kwa mkono. Ndiyo maana kazi yake ninayoithamini kuliko zote ni ile isiyohitaji yeye aimbe hata neno moja. Naileta.

Mwanamarashi

Mridangamu huchongwa kwa gogo la mfenesi, mfenesi huuhuu wa Unguja. Lina midomo miwili. Mdomo wa kulia una tabaka za ngozi, na katikati doa jeusi lililopakwa kidogokidogo kwa wali na unga wa jiwe, likasuguliwa mpaka litoe sauti kama kengele. Mdomo wa kushoto ni mzito, hubandikwa kinyunga cha semolina kabla ya kuanza kisha hubanduliwa. Ngozi ni ya mbuzi, ya nyati wa kufugwa na ya ng'ombe. Nyuzi ndefu zinazofunga ubavuni nazo ni ngozi.

Ng'ombe, jamani. Ala tukufu ya wimbo wa sifa, mbele ya hadhira ambayo wengi hawali nyama na wanamwita ng'ombe mama, haiwezi kulia bila ngozi yake. Anayekwenda machinjioni kuichagua, anayeinusa na kuipapasa akajua itatoa sauti gani, kwa kawaida ni Mdaliti, na wengi wao ni Wakristo. Fundi huyu anakaa siku na mpigaji wakitafuta sauti. Onyesho likianza hayupo. Jina lake halimo kwenye karatasi ya programu.

Krishna alizunguka miaka kadhaa akiwatafuta, akaandika kitabu kilichotoka 2020, *Sebastian and Sons*. Sebastian alikuwa fundi wa Thanjavur ambaye wanawe na wajukuu wamewamba ngoma za mabingwa kwa vizazi. Mmoja wa ukoo huo, Parlandu, alikuwa mkono wa Palghat Mani Iyer. Mani Iyer, kwa wasiomjua, ndiye mpiga mridangamu wa kwanza kupewa Sangita Kalanidhi, tuzo kuu ya Music Academy, mwaka 1966. Alikuwa akiisikia sauti kichwani, anamweleza Parlandu, na Parlandu anaisaka kwenye ngozi mpaka aipate. Wanamuziki wanaiita sauti ya Mani Iyer. Kitabu kinauliza kwa nini ya mmoja, na hilo swali naona halina jibu la kukwepa.

Uzinduzi ulipangwa kwenye ukumbi wa Kalakshetra, taasisi ya sanaa iliyo chini ya serikali kuu. Gazeti lilipochapisha sehemu inayogusa ng'ombe na Wabrahmini, Kalakshetra ikaondoa ruhusa, ikisema haiwezi kuruhusu jambo linaloamsha ugomvi wa kisiasa na kijamii. Kikazinduliwa kwenye chuo cha uandishi wa habari palepale Chennai.

Fundi_Msondo

Nimesoma nikasimamisha kazi. Mimi nawamba ngoma, kazi ya baba. Watu hawajui harufu ya ngozi mbichi. Unailoweka, unakwangua manyoya, unaivuta ikiwa na maji, unaitega kivulini isipasuke. Ngozi ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa hailii vizuri, ya mnyama mnene ina mafuta, ya mgongoni si sawa na ya tumboni. Mpigaji akija anajua kusema tu "hii haijakubali". Kumjua atakubali ipi ni kazi yangu.

Harusini mpigaji anatuzwa, noti zinabandikwa usoni. Mimi nikiwa nyumbani majirani wananiambia nitoe ngozi zangu uani, zinanuka. Wazee wetu walisema mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Sijawahi kuona upande wangu ikivutwa.

Naomba mleta uzi uniambie: hao kina Parlandu walilipwa vipi? Na leo wanaishije?

Mwanamarashi

Fundi, heshima yako. Kitabu hakiwafanyi malaika wala mabingwa wao mashetani. Kuna mapenzi ya kweli kati ya mpigaji na fundi, kuna wapigaji waliosaidia ada za shule na matibabu. Na palepale kuna fundi anayesubiri kibarazani, kikombe chake cha peke yake, malipo yanayotegemea hisani ya bwana. Wote wawili wanajua bila mmoja mwingine hana kitu, ila mmoja tu ndiye anayeketi jukwaani. Mafundi wengine hawataki watoto wao warithi kazi hii, na wana haki.

Kaka_Kigamboni

Mwaka 2024 si ndiyo walimpa yeye hiyo tuzo ya Academy? Nakumbuka fujo.

Mwanamarashi

Ndiyo. Machi 2024 Academy ilimtangaza mshindi wa Sangita Kalanidhi. Ndani ya siku chache dada wawili waimbaji maarufu, Ranjani na Gayatri, wakatangaza kwamba hawatashiriki mkutano wa Academy atakaouongoza akiwa mshindi, na wengine wakafuata. Mwanamuziki Chitravina Ravikiran akasema anairudisha ya kwake. Lalamiko lao kubwa lilikuwa Periyar, mwanaharakati wa Tamil Nadu aliyepinga matabaka na dini na aliyewashambulia Wabrahmini kwa maneno makali. Krishna alikuwa ameimba wimbo wa kumsifu, maneno ya mwandishi Perumal Murugan, 2023, katika kuadhimisha harakati za Vaikom, mji wa jimbo la Kerala, ambako mwaka 1924 watu wa matabaka ya chini walidai haki ya kupita barabara za jirani na hekalu. Rais wa Academy, N. Murali, aliwajibu kwamba tuzo ni ya ubora wa muziki na uamuzi haubadiliki.

Mzee wa Gerezani, hapa nakupa haki yako: kwa Mbrahmini aliyekua akisikia matusi yale, wimbo ule unauma, na simwiti mnafiki anayesema unamuuma. Lakini Periyar huyohuyo, kwa mamilioni ya Watamil, ndiye aliyewaambia wainue uso. Mwimbaji akichagua kuimba hilo mwaka wa kumbukumbu ya Vaikom, ninamwelewa.

Likaja na la mahakamani. Gazeti la The Hindu huambatanisha na tuzo hiyo zawadi ya fedha kwa jina la M. S. Subbulakshmi, mwanamke wa kwanza kupewa Sangita Kalanidhi, 1968. Mjukuu wake akafungua kesi, akisema Krishna alimvunjia heshima bibi yake katika maandishi. Desemba 2024, baada ya zawadi kwisha kutolewa, Mahakama ya Juu ya India ikaagiza kwa muda kwamba Krishna asijitambulishe kuwa mpokeaji wa zawadi hiyo ya Subbulakshmi. Sangita Kalanidhi yenyewe haikuguswa. Aliongoza mkutano, akaimba Academy baada ya miaka mingi nje.

Na aliandika nini hasa? Kwamba Subbulakshmi, binti wa mpigaji wa ala ya nyuzi iitwayo vina, wa jamii ya devadasi wa Madurai, alibadilishwa pole kwa pole akawa sura ya mke mwema wa Kibrahmini ili ukumbi umkubali, na kwamba muziki wake ulilipa gharama. Ni maneno makali kumhusu mtu anayependwa namna ile. Mimi nadhani alizidisha aliposema juu ya muziki wake, kwa sababu sauti ya bibi yule hainionyeshi pengo. Juu ya ukumbi uliomtaka abadilike, nakubaliana naye.

BintiMvita

Sasa nimemwelewa. Bado nasema ana pa kurudi, ila amewataja waliokosa. Siti naye alitajwa na wachache. Nianzie wapi kusikiliza? Usinipe orodha ndefu, nina watoto.

Mwanamarashi

Dada, vipande vitatu vinatosha. Anza na rekodi yoyote ya Subbulakshmi ya miaka ya 1960, usikie ukumbi ulikuwa unapenda nini. Kisha Krishna peke yake na raga Begada, kabla mridangamu haujaingia. Mwisho wimbo wa Ennore, na ukiusikiliza weka sikio kwenye ule mdomo wa kulia wa ngoma: umewambwa ukalingana na sauti ya mwimbaji, ndiyo maana unausikia kama unaimba naye. Fundi Msondo atakueleza kuliko mimi jinsi ngozi inavyofikishwa pale.

Fundi_Msondo

Kwa nyundo ndogo, pembeni mwa mdomo, unagonga unasikiliza, unagonga unasikiliza. Nitapiga picha kesho nikiwa karakana, niziweke hapa.